Anza na shira, keki itasubiri

Mtu akiamua kujifunza kutengeneza vitindamlo nyumbani, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kuulizia bei ya oveni. La pili ni kutafuta krimu ya kupambia, bati za keki za kila umbo, rangi, na ile mashine ya kupigia mayai inayonguruma mpaka jirani ajue leo kuna shughuli. Siku ya siku keki inatoka imezama katikati, chini mbichi, juu imeungua, mayai na siagi vimeshapotea, na aliyejaribu anahitimisha kwamba yeye hana mkono wa vitamu. Mimi nadhani mkono wake hauna kosa lolote. Kilichomponza ni kuanzia mwisho. Keki ni miongoni mwa vitindamlo vigumu kuliko vyote tunavyovijua: inadai kipimo sahihi, moto sahihi na muda sahihi kwa wakati mmoja, na ikishafungiwa ndani ya oveni huioni inafanya nini. Anayeanza aanze na shira, yaani sukari na maji juu ya moto. Akiimudu, aje kwenye tui, kisha maziwa na mayai. Oveni ifuate baadaye, kama ataihitaji kabisa.

Wapo watakaodhani natetea mapishi ya kina bibi kwa sababu ni ya kina bibi. Sivyo. Natazama kwanza hesabu ya hasara. Unga, mayai na siagi vikishaingia kwenye moto havina marejeo. Yai lililoganda halirudi kuwa ute, wala wanga uliokwisha kunyonya maji na kuvimba haurudi kuwa unga mkavu. Keki iliyokosewa ni ya kutupa, au ya kula kwa huruma. Sukari ina tabia nyingine. Mpaka ifikie joto la nyuzi 160 hivi na kuanza kugeuka rangi, inabaki sukari ileile, na maji kidogo yanatosha kuirudisha ilikotoka. Kashata ambayo haikushika inarudishwa sufuriani ipikwe zaidi. Iliyopikwa kupita kiasi ikawa inameguka ovyo inaongezewa vijiko viwili vitatu vya maji, inayeyushwa kwa moto mdogo, inamiminwa tena. Shira iliyoingia chenga inatiwa maji na kuchemshwa upya. Kwa nusu kilo ya sukari mtu anaweza kukosea mara tatu na bado akala alichopika. Sijui fundi wa fani yoyote ambaye angemnyima mwanafunzi wake nafasi kama hiyo.

Halafu tazama orodha ya vitamu vya mwambao wetu: kaimati, ambazo Bara wengi wanaziita kalimati, visheti, kashata za nazi na za karanga, labania, ubuyu, vitumbua, vibibi, tambi za nazi, halua. Hakuna hata kimoja kinachohitaji oveni. Mkate wa kumimina unataka moto wa juu, lakini huo hupatikana kwa kupalia makaa juu ya mfuniko. Vitamu hivi vimekulia kwenye mafiga na majiko ya mkaa, vikitembea na watu kati ya Lamu, Mombasa, Unguja na ng'ambo ya bahari. Kaimati ni ndugu wa luqaimat za nchi za Ghuba, na anayekula halua Zanzibar hatapotea akiandaliwa ile ya Muscat. Jiko la gesi la plati mbili linatosha kabisa kuvipika vyote, isipokuwa pengine halua, ambayo nitaigusa baadaye.

Sasa shira yenyewe, maana hapa ndipo elimu ilipo. Kilo moja ya maji yenye joto la kawaida la chumbani huyeyusha takriban kilo mbili za sukari, na hapo yameshiba. Yakichemka hubeba zaidi, na kadiri mvuke unavyotoka, ndivyo sukari inavyozidi na joto la kuchemkia linavyopanda. Pwani, ambako maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100, shira iliyofika nyuzi 106 ina sukari kiasi cha asilimia 70 kwa uzito. Ukiichukua kati ya kidole gumba na cha shahada baada ya kupoa kidogo, ukavitenganisha, inavuta uzi. Ikifika nyuzi 112 sukari imekaribia asilimia 80, na tone lake likidondoshwa kwenye bakuli la maji baridi linakusanyika kuwa kidonge laini. Ikipita nyuzi 120 kidonge kinakuwa kigumu. Ikifika 150 maji karibu yote yametoka, na tone hilo linavunjika kwa mlio. Vitamu vingi vya sukari duniani vimesimama mahali fulani kwenye ngazi hiyo moja. Anayeijua ngazi hahitaji kukariri mapishi hamsini. Anahitaji kujua tu kila kitamu kinakaa daraja gani.

Kuna jambo la pili ndani ya shira, na ndilo linalowakorofisha wengi. Shira nzito ikianza kupoa huwa imebeba sukari kuliko inavyostahimili, na inatafuta sababu ndogo tu ya kuirudisha chenga. Chembe moja iliyokauka ukingoni mwa sufuria inatosha. Mwiko unaokoroga unatosha. Kwa visheti hicho ndicho tunachokitaka: vikishakaangwa vinatiwa kwenye shira nzito, sufuria inaepuliwa, na mpishi anavigeuzageuza bila kuchoka mpaka sukari inaganda nyeupe na kuvishika pande zote. Ukiviacha bila kuvigeuza vitabaki na unyevu na kunatana. Kwa kaimati za kung'aa ni kinyume chake. Hapo shira isikorogwe ikishachemka, kingo za sufuria zifutwe kwa brashi iliyolowa maji, na itiwe maji ya ndimu, kijiko kimoja cha chai kwa gramu 400 za sukari. Ndimu ile haikuwekwa kwa ladha peke yake. Uchachu wake huivunja sehemu ya sukari kuwa sukari mbili ndogo zaidi, glukosi na fruktosi, ambazo hujipenyeza kati ya chembe na kuzizuia zisishikane. Ndiyo maana mwanafunzi akiambiwa na shangazi mmoja “usikoroge” na mwingine “koroga sana”, asidhani mmojawao amekosea. Kila mmoja anasema habari ya kitamu chake.

Elimu hii ina faida nyingine kwa wanaokaa nyanda za juu. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mbeya hali ni hiyohiyo, na Kigali haiko mbali. Anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya pwani, akangoja kipimajoto chake kisome 112 huku yuko Nairobi, atakuwa amepitiliza kwa nyuzi tano au sita, na kashata zake zitakuwa za kuvunjia meno. Dawa ni rahisi: chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto kinasema nini, na tofauti yake na 100 uipunguze kwenye kila namba utakayoelekezwa. Lakini angalia uzuri wa kidole na bakuli la maji baridi. Vyenyewe havipimi joto. Vinapima uzito wa shira, ambao ndio hasa tunaoutaka, kwa hiyo Mombasa na Nairobi vinatoa jibu lilelile. Katika jambo hili njia ya zamani inakishinda kifaa cha dukani.

Anayeweza shira anaweza kashata, na kashata ni mtihani mzuri wa kwanza. Gramu 200 za nazi iliyokunwa, gramu 200 za sukari, robo kikombe cha maji, iliki iliyotwangwa muda huohuo, chumvi ya kuokota kwa vidole viwili. Sukari na maji vikifika daraja la uzi, nazi inaingia, moto unapunguzwa, na mwiko hautoki sufuriani. Kuna dakika ambayo mchanganyiko unaacha kushika kingo na kuanza kwenda wote pamoja na mwiko, huku alama nyeupe za sukari zikichungulia pembeni. Hapo hapana kungoja: mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta, sawazisha, na kata vipande ingali moto, kwa sababu ikipoa kisu kitaipasua kinavyotaka chenyewe. Iliki inayouzwa ikiwa unga tayari imeshapoteza nusu ya harufu yake. Afadhali kununua punje chache zenye maganda, za kutoka milima ya Usambara kama zinapatikana, na kuzitwanga mwenyewe.

Baada ya shira vinafuata vitu vinavyokatika, navyo vinafundisha uangalifu wa moto. Tui zito likichemshwa kwa pupa linakatika, mafuta yanajitenga na maji, na tambi zinaogelea kwenye kitu kisichoeleweka. Basi pika kwa tui jepesi, tui zito liingie mwishoni, moto uwe wa chini, na koroga upande mmoja taratibu. Ndizi mbivu, boga na viazi vitamu vya nazi vinafuata kanuni hiyohiyo. Kastadi ni jambo jingine, na wengi hawaijui vizuri. Unga wa kastadi wa dukani hauna yai. Alfred Bird wa Birmingham aliubuni mwaka 1837 kwa sababu mkewe alikuwa hawezi kula mayai, na mpaka leo kwa kiasi kikubwa ni wanga wa mahindi, rangi na harufu ya vanila. Wanga lazima uchemke vizuri, la sivyo utabaki na ladha ya unga mbichi, kwa hiyo kuiogopa kastadi hiyo isichemke ni kosa. Kinyume chake pudini ya mayai: mayai manne kwa nusu lita ya maziwa na gramu 80 za sukari huganda vizuri kwenye nyuzi 80 na kitu, na ikifika kuchemka inatoka matundu na majimaji. Ipikwe kwa mvuke, bakuli likae ndani ya sufuria yenye maji yanayotetema tu, na kitambaa kifungwe chini ya mfuniko kudaka matone. Matundu ndani ya pudini ni ushahidi kwamba moto ulikuwa mkubwa, usiyalaumu mayai.

Nikiwa hapo, niseme neno kuhusu jeli, kwa sababu kila Ramadhani na kila Krismasi kuna anayemwaga sahani nzima. Nanasi bichi na papai bichi zina vimeng'enya vinavyokatakata protini, na jelatini ni protini. Jeli yenye vipande vya nanasi lisilopikwa haitaganda hata ukiilaza kwenye friji mpaka kesho kutwa. Chemsha nanasi dakika chache kwanza, au tumia la kopo, ambalo limeshapikwa kiwandani. Wanaoepuka jelatini kwa sababu hutoka kwa wanyama wanaweza kutumia aga-aga itokanayo na mwani, ambayo si protini na haijali nanasi.

Sasa pingamizi. La kwanza husikika kila mtu akitaja mizani: mabibi zetu hawakupima, na vitamu vyao vilishinda vya leo. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo si kweli. Walikuwa na kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne, na kila nyumba ilikuwa na kikombe chake kimoja kisichobadilishwa. Walipima kwa chombo kilekile miaka mingi, mbele ya binti aliyesimama pembeni akitazama. Anayejifunza leo kwa simu, akiwa na kikombe ambacho si cha aliyeandika, hana msaada huo. Kikombe cha unga kinaweza kubeba gramu 120 ukiukunguta taratibu, na kikapita 150 ukiushindilia. Tofauti hiyo kwenye vileja inatenganisha kinachoyeyuka mdomoni na kinachomwagika mkononi. Kwa shira, kidole kinatosha. Kwa unga, mizani haina mbadala, na naona ajabu kwamba nyumba yenye mashine tatu za umeme jikoni haina mizani hata moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: nchi zetu zinasumbuliwa na kisukari, na mimi nahimiza shira. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na ikiwezekana isifikie asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na ikiwezekana 25. Zile kashata za gramu 200 za sukari, zikikatwa vipande ishirini, kila kimoja kina gramu 10. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola ina zaidi ya gramu 30, na hakuna anayeiita kitindamlo. Ni ya kuteremshia wali mchana. Najua mtu hali kashata moja. Lakini anayeipika ameiona sukari ikimiminwa kwa macho yake, na mazoea yetu ya pwani yamezungusha vitamu hivi na kahawa chungu, kipande kidogo kwa kikombe kidogo, si bakuli kwa kijiko. Anayeishi na kisukari amsikilize daktari wake kabla ya kunisikiliza mimi.

Tena kuna tofauti ambayo ushauri wa “punguza sukari” huisahau. Katika kashata, visheti na kaimati za shira, sukari ndiyo nguzo; ukiipunguza kwa nusu hupati kitamu chenye afya, unapata nazi iliyolowa. Hapo punguza ukubwa wa kipande na idadi ya siku. Katika tambi, kastadi, boga au ndizi za nazi, sukari ni ladha tu, na inaweza kushuka hadi theluthi bila kitamu kuharibika, hasa ndizi ikiwa imeiva mpaka ganda limeingia weusi. Kubadilisha sukari nyeupe kwa sukari guru au asali hakukwepeshi hesabu hii. Kunabadilisha ladha, na vitu hivyo huganda kwa shida zaidi, kwa hiyo visheti vya asali visitarajiwe kuwa vyeupe.

Wengine watasema watoto wanataka keki, na siku ya kuzaliwa haisherehekewi kwa visheti. Nakubali, ingawa sijui nani aliyepitisha sheria hiyo. Keki ipikwe, lakini ipikwe na mtu aliyekwisha kujua kupima kwa gramu na kusoma moto, na atashangaa ilivyorahisika. Wala haitaki oveni lazima: sufuria nzito yenye tabaka la mchanga mkavu, iliyopashwa moto kabla, bati la keki likakaa ndani, mfuniko ukapaliwa makaa. Moto wa juu uzidi wa chini. Waliopo nyanda za juu wapunguze kidogo baking pauda, kwa sababu hewa yao ni nyepesi, na keki huinuka haraka kabla haijapata nguvu ya kujishikilia, kisha inakaa chini.

Na wapo watakaouliza kwa nini wahangaike wakati kalimati zinauzwa kila kona. Kwa kalimati nakiri hoja yao ina uzito. Mama aliyeanza kukaanga tangu alasiri, mafuta yake yakiwa na joto lisiloyumba na mkono wake ukidondosha donge sawa na donge, atakushinda, na fedha utakayompa ni ndogo kuliko mafuta utakayoyamwaga. Halua nayo iachiwe wenyewe: wanga, sukari, samli na zafarani kwenye sufuria kubwa ya shaba, watu wakipokezana mwiko kwa saa kadhaa, si kazi ya jioni baada ya ofisi. Kutengeneza vitindamlo nyumbani hakumaanishi kutengeneza kila kitu. Kashata, pudini, tambi na ndizi za nazi ndizo zinazolipa, kwa sababu malighafi ni nafuu, zinatoka ndani ya saa moja, na zikiliwa siku hiyohiyo hazina mshindani wa dukani.

Kwa mwenye fedha kidogo ya kutumia, ningempangia hivi. Mizani ya jikoni kwanza. Kisha sufuria moja yenye kitako kizito, kwa kuwa sufuria nyembamba huunguza shira upande mmoja kabla upande wa pili haujachemka. Watoto wasogezwe mbali wakati wa shira, kwa sababu shira ya nyuzi 112 ina moto kuliko maji yanayochemka na, tofauti na maji, inanata kwenye ngozi. Bakuli la maji baridi la kupimia liwe kubwa kiasi cha kuingiza mkono mzima ukiungua. Kipimajoto kinaweza kungoja. Oveni ingoje zaidi, na siku itakayoletwa, kipimajoto hicho kiwekwe ndani yake kabla ya unga wowote, kwa sababu kitufe kinachosoma 180 hakithibitishi kwamba ndani kuna nyuzi 180.